Vuli na achari ya Mama

Vuli ikiingia Tanga na maembe mabichi yakianza kupangwa mafungu kule Ngamiani, mimi moyo wote unakwenda kwa Mama.

Kwetu huu ulikuwa msimu wa achari. Mama alichagua maembe ambayo kokwa bado laini, kisu kikipita bila kukwama. Anayakata vipande virefu, anayapaka chumvi na bizari, anayatandaza kwenye ungo uani. Vidole vyake vilikaa na umanjano siku nzima. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufukuza kunguru na kuangalia mbingu, maana mvua ya vuli haipigi hodi. Wingu likitanda tu upande wa baharini, utamsikia: "Anueni, wanangu, anueni!" Basi ni mbio na nyungo hadi ukumbini. Yakishanyauka anayatia siki, pilipili na kitunguu saumu, na harufu inafika barabarani.

Chupa ya kwanza hatukuila sisi. Ilikwenda kwa bibi jirani aliyeishi peke yake, hata ule mwaka maembe yalipokuwa haba. Hapo ndipo ninapompendea zaidi Mama yangu.

Allah amrehemu, amlaze mahali pema. Amin.