Kabla ya kulipia TV Kariakoo: ugomvi wa makampuni unaokuja ndani ya boksi

Kitufe cha Netflix kwenye rimoti hakikuwekwa pale kwa bahati. Kimelipiwa. Cha Prime Video vivyo hivyo, na ile safu ya juu ya picha inayokupokea ukiwasha TV nayo ina mwenyewe na ina bei yake. Anayeuza nafasi hizo ni mwenye mfumo endeshi: Google kwa Android TV na Google TV, Samsung kwa Tizen, LG kwa webOS, Hisense kwa VIDAA, Amazon kwa Fire TV, na Roku, ambayo hapa kwetu huonekana zaidi kwenye TV zilizoletwa kutoka Marekani.

Kwa hiyo programu unayoibonyeza imesimama juu ya makubaliano ya watu watatu: mwenye mfumo, kiwanda cha TV na mwenye huduma. Mnunuzi hayumo. Mmoja wao akisusa, programu inaondoka hata kama TV ni nzima na intaneti imelipiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Google na Roku. Aprili 2021 walishindwa kuelewana juu ya YouTube TV, ambayo ni huduma ya chaneli za kulipia huko Marekani, si YouTube hii ya kila siku. Tarehe 30 mwezi huo Roku ikaitoa programu hiyo dukani kwake. Roku ilidai Google inataka matokeo ya utafutaji yaipendelee YouTube, na inataka takwimu za watumiaji ambazo wengine hawapewi. Google ikakana. Chini ya kelele hizo kulikuwa na suala la chipu: Google ilitaka vifaa vipya viweze kusoma AV1, njia mpya ya kubana video, na Roku, inayouza vifaa vya bei ya chini ili ipate faida kwenye matangazo, ilisema sharti hilo litapandisha gharama. Wiki moja baadaye Google ikaipenyeza YouTube TV ndani ya programu ya YouTube ya kawaida, Roku ikabaki inatazama. Mkataba wa YouTube yenyewe ulikuwa unaisha Desemba 9. Walisaini mpya siku moja kabla.

Kwenye mzozo ule, waliokuwa na programu tayari waliendelea kuitumia kama kawaida. Waliokwama ni waliofuta wakidhani wataipakua upya. Hilo litatufaa tukifika kwenye matengenezo.

Amazon na Google walipigana muda mrefu zaidi. Mwaka 2015 Amazon iliacha kuuza Chromecast, kifaa cha Google cha kurushia video kwenye TV, na Apple TV kwenye duka lake. Desemba 2017 Google ikatangaza kwamba YouTube itatoka kwenye Fire TV kuanzia Januari 1, 2018, ikilalamika kwamba Amazon haiuzi vifaa vyake na haiwapi wenye Chromecast huduma ya Prime Video. Amazon ikajibu kwa kuweka vivinjari, Firefox na Silk, ili watu waingie YouTube kwa mlango wa uani. Walipatana, na Julai 2019 YouTube ikarudi Fire TV huku Prime Video ikiingia Chromecast. Mwaka mmoja na nusu wa watu wazima kununiana, na aliyenunua kifaa hakurudishiwa hata senti.

Kuna ugomvi wa tatu usiosikika sana, nao ndio unaoamua ni mfumo gani unaukuta dukani. Kwa miaka mingi Fire TV imejengwa juu ya Android, lakini si Android iliyoidhinishwa na Google. Mikataba ya Google ilikuwa inambana mtengenezaji anayetaka Play Store asitengeneze vifaa vyenye Android ya pembeni. Septemba 2021 mamlaka ya ushindani ya Korea Kusini iliipiga Google faini ya won bilioni 207.4 kwa masharti hayo, TV zikiwamo. India nayo ilifungua shauri mahususi la Android TV, likaisha kwa suluhu Aprili 2025: Google ililipa rupia milioni 202.4 na kukubali watengenezaji wa TV wapewe Play Store bila kufungwa na kifurushi kizima cha programu za Google.

Ushauri wangu baada ya yote hayo ni mmoja: nunua TV kama kioo. Lipia picha, sauti, matundu ya HDMI na waranti. Akili ya TV iweke nje, kwenye stiki (kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI) au boksi lililoidhinishwa, ambalo likizeeka au likisusiwa unalitupa na kununua jingine kwa sehemu ndogo ya bei ya TV. Kioo kizuri kinaweza kudumu miaka kumi, ilhali mfumo wake huanza kuachwa nyuma mapema zaidi. Aprili 2015 YouTube iliacha kufanya kazi kwenye TV nyingi za 2012 kurudi nyuma, baada ya Google kufunga njia ya zamani ya kuunganisha programu hiyo. Desemba 2019 Netflix ikazima kwenye baadhi ya TV za Samsung za 2010 na 2011. Vioo vyenyewe vilikuwa vinawaka vizuri tu.

Sasa twende dukani.

Geuza TV, soma karatasi ya nyuma kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji. Cha kwanza ni umeme: itafute 100–240V, 50/60Hz. Ikisoma 110–120V peke yake, hiyo ni ya Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V saketi ya umeme inaungua. Cha pili ni kipokezi cha matangazo. Sisi tunatumia DVB-T2, Marekani wanatumia ATSC, kwa hiyo TV ya huko haitashika chaneli za antena hapa bila king'amuzi, hata ufunge antena juu ya mnazi.

Namba ya modeli ya Samsung inasema mengi. Ikianza na UA au QA, imetengenezwa kwa soko la Afrika na Asia. UE na QE ni za Ulaya. UN ni ya Marekani, na QN mara nyingi pia. Baada ya herufi hizo huja inchi, kisha, kwa modeli za UA, herufi ya mwaka: T ni 2020, A ni 2021, B ni 2022, C ni 2023, D ni 2024. Hivyo UA43CU7000 ni ya inchi 43, ya soko letu, ya mwaka 2023. Ukiambiwa “hii mpya kabisa” na herufi inasoma R, hiyo ni ya 2019. Punguza bei au ondoka. TV ya soko jingine inaweza kuwaka vizuri, lakini orodha ya programu hufuata nchi iliyowekwa ndani yake, na hapo ndipo programu za kwetu hukosekana.

Iwashe. Washa hotspoti ya simu yako na uiunganishe palepale. Anayetaka mechi za Ligi Kuu kupitia AzamTV Max aitafute programu hiyo kwenye duka la TV kabla ya kutoa hela. “Utaipakua nyumbani” si jibu. Kisha fungua video ya 4K YouTube, bonyeza alama ya gia, washa takwimu za kiufundi. Kwenye mstari wa kodeki, yaani njia ya kubana video, av01 maana yake TV inasoma AV1. Vp09 ni kodeki ya zamani zaidi. Kwa mtu wa bando hilo si jambo la siasa za makampuni: AV1 hutoa picha ya ubora uleule kwa data pungufu. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 3 kwa saa kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K, kwa hiyo bando la GB 10 linaweza kuisha ndani ya saa tatu na kidogo za HD. Mwenye fiba hana haja ya kuhesabu. Wa bando aingie kwenye mipangilio ya akaunti na kushusha ubora, na azime video zinazojianzisha zenyewe.

Kuhusu HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, neno moja tu: Samsung hawaweki Dolby Vision, wanatumia HDR10+ ambayo wao ni miongoni mwa walioianzisha. Muuzaji akikuambia Samsung yake ina Dolby Vision, hajui anachouza.

Maboksi ya bei rahisi yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu yamejaa mjini na yanafanana na yale mazuri. Boksi linaweza kuandikwa Android 13 na lisiwe Android TV hata kidogo. Ni Android ya simu iliyovishwa sura ya TV. Dalili iko wazi: fungua Netflix. Ikikulazimu kuzungusha mshale kama wa mausi kwenye skrini, hiyo ni programu ya simu. Hapo kinachokosekana ni idhini ya Netflix, na mara nyingi pia Widevine, ulinzi wa kuzuia video kunakiliwa, wa daraja la juu, L1. Boksi la daraja la chini, L3, litakupa Netflix kwa picha hafifu ya 480p hata kama limeandikwa 4K au 8K kwa herufi za dhahabu. Programu ndogo iitwayo DRM Info inaonyesha daraja hilo kwa sekunde chache.

Ubovu wa picha ni hasara ndogo. Mwaka 2023 watafiti walifichua maboksi ya aina hiyo yanayotoka kiwandani yakiwa na virusi, mtandao uliopewa jina la BADBOX. Juni 2025 FBI ilitoa tahadhari kuhusu toleo la pili, na Julai Google ikawashtaki waendeshaji wake huko New York, ikitaja vifaa zaidi ya milioni 10. Boksi lililoambukizwa hubonyeza matangazo kimyakimya na kukodisha intaneti yako kwa watu usiowajua, ambao wanaweza kufanya uhalifu unaoonekana umetoka sebuleni kwako. Likija bila Play Store, likikutaka uzime ulinzi wa Play Protect, au likiahidi chaneli zote za mpira bure maisha, liache hapohapo mezani.

TV ikiwa tayari nyumbani na programu ikagoma, wengi hukimbilia kurejesha mipangilio ya kiwandani. Hiyo ni hatua ya mwisho. Anza na tarehe na saa. Umeme ukikatika, TV nyingine hupoteza saa na kurudi miaka mingi nyuma. Vyeti vya usalama vya seva vikipimwa kwa tarehe hiyo huonekana si halali, na kila programu inasema hakuna mtandao wakati simu yako inaperuzi vizuri kwenye waifai ileile. Weka saa ijipange yenyewe au iandike kwa mkono. Kisha chomoa TV ukutani kwa dakika nzima, kwa sababu kuzima kwa rimoti huiacha imesinzia tu. Bado? Kwenye mipangilio ya mtandao, badilisha DNS (kitabu cha anwani cha intaneti) iwe 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Halafu safisha kumbukumbu ya muda ya programu. TV nyingi za bei nafuu zina hifadhi ya GB 8 tu, na sehemu kubwa imekaliwa na mfumo wenyewe.

Kufuta programu na kuipakua upya kuje baada ya hapo, na kabla ya kufuta tafuta jina lake dukani mwa TV. Kama duka haliioneshi tena kwa modeli yako, usiguse. Ukiifuta imekwenda, kama wale wa Roku. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kuna hatari hiyohiyo. Machi 9, 2025 Chromecast za toleo la pili ziligoma duniani kote kwa sababu cheti cha ndani cha miaka kumi kilikuwa kimeisha. Google ilileta marekebisho siku chache baadaye na ilikuwa imewaonya watu wasifute mipangilio. Waliokwisha kufuta walibaki na kifaa kisichokubali hata kuunganishwa upya hadi programu ya Google Home iliposasishwa.

Ukisasisha mfumo kwa fleshi, pakua faili la modeli yako kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji, fleshi iwe imefomatiwa kwa FAT32, na TV iwe kwenye UPS au inveta. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mkuu unaweza kufa, na ubao wa TV kubwa si wa kuokota.

Stiki nayo ina makosa yake, karibu yote ya kufunga. Tundu la USB 2.0 la TV hutoa takriban 0.5A, wakati stiki inahitaji 1A au zaidi. Ndiyo maana inazima na kuwaka yenyewe katikati ya mechi. Tumia adapta iliyokuja nayo. Kwa 4K chagua tundu la HDMI lenye HDCP 2.2 (kinga ya kunakili video), si kila tundu linayo. Washa udhibiti wa HDMI-CEC ili rimoti moja itoshe: Samsung wanauita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Na kwenye nyumba za kubanana kama Sinza au Kariakoo, ambako ruta za majirani zote zinagombania 2.4GHz, hamishia stiki kwenye 5GHz. Kama ukuta unaikata 5GHz, baki kwenye 2.4 lakini ruta uiweke chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na stiki uitoe nyuma ya kioo kwa kile kipande cha waya wa HDMI kinachokuja ndani ya boksi lake, ambacho watu wengi hukitupa pamoja na karatasi.