Mradi wa tarehe zinazojihesabu zenyewe, nilipofikia

Wiki ya tatu sasa. Kwa asiyejua, nina kisteshenari changu hapa Chuno, Mtwara mjini, na kinacholipa kodi ni kuchapa: mikataba ya pango, notisi, makubaliano ya bodaboda. Karibu kila karatasi ina "ndani ya siku 30 kuanzia leo" af mimi nahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani huku mteja kasimama dirishani, "bado tu?"

Nikaanza na fildi za Word (vijisehemu ndani ya faili vinavyojijaza vyenyewe). Unabonyeza Ctrl+F9 yanakuja mabano yake (ukiyachapa mwenyewe hayafanyi kazi, usiku mzima uliishia hapo), ndani nikaweka siku ya leo jumlisha 30, nikabonyeza F9 ihesabu, ikajibu fasta, kumbe inajumlisha namba tupu, haijui mwezi unaishia wapi. Tarehe 14 Mei ikanitolea notisi ya 44 Mei. Mzee mmoja wa Mikindani akavaa miwani akasoma taratibuu akanirudishia, "Mwanangu, Mei ya kwenu ina siku ngapi?" Nikachapa upya, bure.

Wapo wanaoirekebisha kwa fildi ndani ya fildi ndani ya fildi. Niliiona, imesukwa kama wavu wa dagaa, nikafunga. Halafu DATE, ile fildi ya tarehe ya leo, ina ubaya mwingine, inajibadilisha, mkataba wa tarehe 3 ukiufungua tarehe 20 kuprinti kopi unakuta umekua wa tarehe 20.

Kompyuta ya pili ina LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia, kama Word), huko rahisi mpaka inaudhi: Ctrl+F2, unachagua tarehe, kuna kiboksi cha siku za kusogeza mbele, kwisha.

Ila wateja wanaleta faili za Word, so nikahamia makro, yaani kijiprogramu kinachoandikwa ndani ya Word:

d = DateAdd("d", 30, Date)
Selection.TypeText Day(d) & "/" & Month(d) & "/" & Year(d)

14 Mei ikatoa 13/6, sawasawa, na inaandika maandishi ya kawaida kwahiyo haibadiliki tena.

Kilichobaki ni "mwezi mmoja". Kwenye DateAdd ukiweka "m" na 1 badala ya "d" na 30, 31 Januari inaenda 28 Februari, ila kwa siku 30 inafika 2 Machi (mwaka wa kawaida). Nimeongeza kiboksi kinauliza siku au mwezi, jana nikamuuliza mwenye nyumba na mpangaji wake, wakaanza kubishana palepale dirishani, mpaka nafunga duka kiboksi bado kipo wazi.