Kifundo cha mguu wa kushoto kimekubali, alhamdulillah

Jamani jana kwenye Isha nimekaa tahiyatu ya kwanza mwanzo mpaka mwisho na akili haikwenda mguuni hata kidogo. Kwa mwengine hii si habari, lakini aliyekuwa akinifuatilia anajua hichi kifundo kimenisumbua vipi kwenye vikao vya sala mpaka nikaingia yoga, kwa hiyo leo naandika haya kwanza na mengine yatafuata yakipata nafasi.

Tukumbushane shida ilipo. Sisi Mashafii tahiyatu ya mwisho ni tawaruki, unautoa mguu wa kushoto ubavuni unakaa na tako chini, hiyo sikuwa na neno nayo. Kazi ipo kwenye iftirashi, kikao cha baina ya sijda mbili na tahiyatu ya kwanza, unaukalia wayo wa kushoto na wa kulia umeusimamisha vidole vinaelekea kibla. Pale ndo moto ulipokuwa ukiwaka. Na tumanina ni nguzo, lazima kila kiungo kitulie kabla hujaenda kwengine, sasa kiungo kitulie vipi na kifundo kinakupigia kelele, unajikuta unayasema maneno ya dua ya rabbighfirli lakini moyo wote uko kwenye mguu, unahesabu tu lini utainuka. Mimi yoga nimeingia kwa ajili ya hilo, si kwa ajili ya picha za kusimama kichwa ufukweni Paje.

Kila mtu aliniambia magoti. Video zinasema magoti, jamaa wa mazoezi wanasema magoti, nikafanyishwa kunyoosha mapaja mpaka mapaja yamelainika kweli na ukikaa vajrasana, kile kikao cha yoga cha kupiga magoti na kukalia visigino, maumivu yapo palepale. Aliyelijua tatizo ni mwalimu wangu wa yoga wa Jambiani, kijiji cha pwani huku Unguja. Aprili na Mei hoteli nyingi za kule zinafunga kwa ajili ya masika, wageni hawapo, akapata wasaa wa kukaa na mimi bila haraka. Aliniangalia nakaa, akasema, "Kaka, goti lako zima hilo. Hebu nyoosha wayo." Nikanyoosha. Wa kulia unalala karibu sawa na muundi, wa kushoto unafika njiani unakwama. Niliumia mpirani zamani, kifundo kikapona lakini upande wa mbele ukabaki mgumu. Kwa hiyo nikikaa, baina ya kifundo na sakafu panabaki uwazi, na uzito wote wa mwili unakandamiza juu ya ule uwazi, kiungo kinalazimishwa kwenda kisikofika, goti nalo linavutwa kwa sababu wayo hautaki kulala. Ukielewa hivyo basi dawa inakuja yenyewe, huulazimishi mguu ushuke chini, unaipandisha sakafu iufuate mguu.

Tukatumia kanga. Doti nzima imeviringishwa, inakaa chini ya kifundo pale penye uwazi, na taulo lililokunjwa baina ya makalio na visigino ili uzito usishuke wote. Unakaa, unavuta pumzi taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na ukisikia maumivu makali unainuka, hakuna ushujaa hapa. Baada ya muda doti ikawa kanga moja, kanga moja ikawa nusu, halafu taulo likatoka, halafu kukabaki kitambaa cha mkono tu. Kila nikipunguza kidogo mguu unalalamika siku kadhaa kisha unanyamaza, na nilikuwa nikisali na kanga yangu ile ile chini ya kifundo nyumbani, msikitini nakunja ncha ya mswala.

Huu utaratibu wa kutumia vitu vya kusaidia si wa juzi. B.K.S. Iyengar (1918–2014), yule mwalimu wa Pune kule India, ndiye aliyeufanya ujulikane dunia nzima, mikanda, matofali ya mbao, mablanketi, ili mwili usiofika nao upate kukaa sawa. Na Patanjali mwenyewe, yule wa zamani aliyeandika Yoga Sutra, kuhusu kikao anasema maneno machache tu, kiwe imara na kiwe cha raha. Mie niliposikia hivyo nikasema hii si tumanina jamani?

Kuhusu vifaa, kwa vile mnauliza. Zile mati za mpira mwembamba za bei rahisi kwa joto letu hapana, ukitoka jasho mikono inateleza, na zikikaa na unyevu wa masika zinanuka. Mkeka wa ukindu mzuri kwa kukaa, ila juu ya marumaru unakimbia, weka kitambaa cha pamba kilicholowana kidogo chini yake. Matofali ya povu sijayapenda, yanabonyea. Fundi seremala wa mtaani kwetu kanikatia mawili ya mnazi, mazito, hayasogei, na nimeyapiga msasa mpaka yanang'aa, hayo siyabadilishi na kitu. Kanga ya zamani iliyofuliwa sana ni bora kuliko mpya, mpya ina ugumu.

Maalim wangu wa dini nilimwendea mwanzoni kabisa, kabla hata sijanunua kitu. Shikamoo, marahaba, nikamweleza kila kitu nikamtajia na fatwa ya baraza la Malaysia ya 2008 iliyokataza yoga ikichanganywa na mantra, yaani maneno ya Kihindu yanayokaririwa, na ibada zao. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mantra waachie wenyewe, kusujudia jua waachie wenyewe. Mwili wako na pumzi yako ni amana, kutunza amana nani kakukataza? Lakini niya yako uje unionyeshe kila mara, isije ikahama." Na kweli ananiuliza, nikikaa kwenye darsa baada ya Magharibi ananiuliza, na mwalimu wa Jambiani naye hajawahi kunitamkisha kitu chochote, ananihesabia pumzi tu. Kuwa na walimu wawili wanaoheshimu mipaka namna hii, wallahi ni neema. Maalim ndiye aliyenishikilia na ile hadithi ya Bibi Aisha, kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo, kwa hiyo kabla ya Alfajiri nafanya kidogo lakini sikosi.

Sasa, mpango ulikuwa kifundo kikishakubali nianze padmasana, kile kikao cha kukunja miguu na kupandisha nyayo juu ya mapaja. Naiweka pembeni. Nimesoma utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, ulitoka kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, mwaka 2001, waliwapima watu 23 wakisoma rozari, sala ya Wakatoliki, kwa Kilatini, na hao hao wakisoma mantra, wakakuta vyote vinaishusha pumzi mpaka kama 6 kwa dakika na moyo unapiga kwa mpangilio mzuri zaidi. Uradi wetu haukupimwa pale, lakini akili yangu imeshahamia kwenye pumzi na zikri. Pumzi 6 kwa dakika ni sekunde 10 kila moja, ukisema subhanallah moja kwa kila pumzi ya kutoka, 33 ni dakika tano na nusu, ukiongeza alhamdulillah na allahu akbar ni robo saa na kidogo. Na wazee wa tarika ya Kadiria wanaijua pumzi kwenye zikri toka Sheikh Uways wa Barawa alipokuja kwetu zama za Sultani Sayyid Barghash, nataka niende kukaa na mmoja wao nimuulize vizuri, Maalim kasema atanipeleka. Simu nimeacha kuitumia kuhesabu, inawaka mwanga unatoka kwenye hali ya utulivu, tasbihi inatosha.

Kilichobaki kwenye kikao ni kidole gumba cha mguu wa kulia, hakikunjiki sawasawa kuelekea kibla. Mwalimu amenipa kukaa juu ya vidole vilivyokunjwa, tofali la mnazi chini ya makalio, dakika moja moja. Kinauma vibaya sana lakini asubuhi hii kimekunjika zaidi ya juzi.