Taa Iliyouzuia Mpunga Kuchanua, Njiani Kuelekea Magu

Nauli ya kutoka Mwanza mjini hadi Magu ilipandishwa tukiwa tumekwisha kuketi, na tulipopita Kisesa gari likaharibika. Tulilala kwenye nyumba ya wageni iliyonitoza bei ya mjini kwa chumba kisicho na chandarua wala pazia.

Ilikuwa Aprili. Asubuhi niliona majaruba ya jirani yametoa masuke, isipokuwa kipande kilichomulikwa na taa kubwa ya uani. Hapo palikuwa na majani matupu. Mwenye shamba, mzee wa Kisukuma, alipokwisha kuitikia shikamoo yangu alilalamika kwamba mbegu ni ile ile na siku ya kupandikiza ni ile ile, tena akaishuku mbolea. Abiria mwenzetu, mama mmoja afisa kilimo, akamwambia, "Baba, mpunga wako hauoni usiku."

Alitueleza kwa subira. Mpunga huhimizwa kuchanua na usiku mrefu, ambao majani huutambua kwa protini ziitwazo fitokromu. Giza lisipokatizwa, jeni ya Hd1 husaidia kuiamsha Hd3a, na protini ya Hd3a husafiri kutoka majanini hadi kwenye ncha ya shina, ambako huanzisha suke; watafiti wa Japani waliionyesha safari hiyo mwaka 2007. Mwanga ukiingia katikati ya usiku, Hd3a hunyamaza. Mchana ukirefuka, Hd1 hiyo hiyo hugeuka kizuizi, na jeni nyingine, Ghd7, huzidi kuchelewesha. Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba mpunga wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, huwahi kuvunwa kabla ya baridi kwa sababu baadhi ya vizuizi vyake havifanyi kazi.

Nikawaza kwetu Kyela, kusini mwa Tanzania, ambako mchana mrefu kabisa huuzidi ule mfupi kwa takribani saa moja, ilhali Mwanza, karibu na ikweta, tofauti hiyo haifiki nusu saa. Shangazi yangu hugawa mbegu kwa kila mgeni anayeusifu wali wake, wala hamuulizi anakwenda kuipanda wapi.

Mzee alimwomba mwenye nyumba aizime taa ile usiku. Alikataa, akisema wageni wanaogopa wezi. Nilimjibu kwamba mimi ni mgeni niliyelipa, na kwamba taa hiyo hiyo ilininyima usingizi hadi alfajiri.