Bundi wa Darini

Mwezi Juni mwaka 2009, mavuno yakiwa yameshaingia, nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu dogo upande wa Mvumi. Siku moja fundi aliyekuwa akibadilisha mbao za dari alishuka ngazi kwa haraka kuliko alivyopanda, akasema kule juu kuna bundi na makinda manne, na kwamba yeye harudi hata akilipwa mara mbili.

Kikao kiliitwa jioni ileile. Kwetu Ugogo, bundi akilia juu ya paa watu huanza kuwahesabu wagonjwa waliomo nyumbani, na ubatizo haujaiondoa hofu hiyo, hata kwetu sisi wazee wa kanisa. Aliyependekeza wafukizwe kwa moshi wa pilipili ni mimi. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa upande wa ndege tangu mwanzo.

Ndipo mama aliyetunza stoo, tulimohifadhi magunia ya uwele na mtama ya sadaka ya mavuno, alipoomba kusema, akafungua pindo la kanga yake na kumwaga mezani vidonge vyeusi, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba.

“Mchungaji, hivi navifagia kila asubuhi. Si kinyesi hiki.”

Akapasua kimoja kwa njiti ya kiberiti. Ndani ya manyoya yaliyogandamana mlikuwa na mafuvu mawili ya panya, meno ya njano yangali mahali pake, kwa maana bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa.

“Mwaka jana magunia manne yalitobolewa, mwaka huu hata moja. Sasa baba zangu, mnataka kumfukuza nani?”

Mchungaji aliahirisha ujenzi mpaka makinda yaruke.

Kesho yake nilipanda kuyatazama. Yalinizomea kama nyoka, nyuso zao nyeupe zikiwa na umbo la moyo, wala hapakuwa na mawili yaliyolingana kimo, kwa sababu jike huanza kuatamia tangu yai la kwanza na makinda huanguliwa kwa kupishana siku. Niliyahesabu matatu. La nne, dogo kuliko yote, nililikuta sakafuni karibu na madhabahu, limeanguka kupitia pengo la mbao tulizokwisha kung’oa. Niliziba pengo lile kwa turubai, nikijua nimechelewa kwa usiku mmoja.

Matatu yaliyobaki yaliruka mwezi Agosti. Fundi alirudi, akamaliza dari, lakini upande wa mashariki akaacha tundu la ukubwa wa kofia bila kumwuliza mtu, nami sikumwambia alizibe.