Aproni ya marinda, patani nimeichakachua

Jamani aproni imeisha! Patani, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, ilikuwa ya mtu mwembamba, mimi na hizi nyonga wapi na wapi, nikaongeza sentimita 6 kila upande halafu chini nikapunguza 15 ili pakae rinda. Kitambaa ni kitenge kilichobaki kwenye sare ya harusi ya dada, rinda nikatoa kwenye pindo la khanga kuukuu. Sasa upana wa chini ulikuwa 90 kwa hiyo rinda nikakata 180, mara mbili yake, khanga haifiki huko ikabidi niunge vipande, ila ukibania urefu wa rinda linalala tu kama limenyeshewa. Unapiga mistari miwili ya mshono mrefu, mwishoni usirudi nyuma, kisha unavuta nyuzi za chini taratibu rinda lijikunje. Mimi nikavuta kwa pupa, uzi ukakatika katikati, nafumua huku wali unaungua, harufu mpaka kwa jirani. Mara ya pili nikagawa robo robo nikabana na pini, likakaa vizuri. Mfuko nimesahau kabisa yani. Mume wangu kaiona anasema hiyo ya kutokea sio ya kupikia, haya, Jumapili naivaa nikikaanga maandazi tuone.