Lupu ya joto iliyokataa kutulia

Nilihamia kiwanda hiki cha maziwa huku Industrial Area, Nairobi, mwezi Februari, na kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni karatasi ya kinasa joto. Shabaha ilikuwa nyuzi 75. Kalamu ilikuwa imechora mawimbi tangu alfajiri: inapanda hadi 79, inashuka hadi 71, inapanda tena. Mzee, fundi wetu wa vipimo ambaye amekaa hapa kuliko mtu mwingine yeyote, aliniambia kwa upole, "Enjinia, hiyo imeshazoea hivyo."

Mimi sikuweza kuizoea. Maziwa kwenye mtambo wa aina hii lazima yafike nyuzi 72 na yakae hapo kwa sekunde 15. Yakipungua joto hilo, vali ya kugeuza inayarudisha kwenye tangi la mwanzo yakapikwe upya. Kila tuliposhuka hadi 71, vali iligeuka. Tulipofika 79, maziwa yalianza kunuka kupikwa, na dada wa maabara alikuwa akilalamika kila asubuhi kuhusu ladha. Tulikuwa tunachoma mvuke mara mbili kwa maziwa yale yale, huku malori kutoka Kinangop yakisubiri getini.

Mtambo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mvuke wa boila unapasha maji, maji ya moto yanapita upande mmoja wa sahani za chuma na maziwa upande wa pili. Maziwa yakitoka hapo yanaingia kwenye bomba la kushikilia, lenye urefu wa mita 14 hivi, limekunjwa mara kadhaa ukutani, ili yapate zile sekunde zake. Kihisi kinapima joto, kinaiambia kontrola, kontrola inalinganisha na shabaha kisha inafungua au kufunga vali ya mvuke. Hiyo ndiyo lupu: tokeo linarudi kuwa amri. Chuoni tuliichora kwa visanduku na mishale, tukaandika mlinganyo wake, tukatafuta mizizi. Nilifaulu mtihani huo vizuri. Lakini nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya lupu mbovu nikaulizwa, "Sasa?"

Kosa langu la kwanza lilikuwa kugusa namba. Kontrola ilikuwa na geini ya 3, yaani ukali wake wa kujibu kila tofauti na shabaha, na muda wa intigrali wa sekunde 40, yaani kasi yake ya kumalizia tofauti inayobaki. Nikashusha geini hadi 2.5, mawimbi yakapungua kidogo. Nikabadilisha intigrali, yakarudi. Kwa siku mbili nilikuwa napapasa gizani, na msimamizi wa uzalishaji alikuwa na haki ya kukasirika. Siku ya tatu nilirudisha namba zote zilivyokuwa, nikaketi na daftari.

Swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni hili: nani anatengeneza mawimbi? Yanaweza kutoka nje, kwa mfano shinikizo la boila likiyumba. Au lupu yenyewe inajiyumbisha. Kuna njia rahisi ya kujua: toa kontrola kwenye otomatiki, ishike vali mahali pamoja kwa mkono, kisha tazama. Kama mawimbi yanaendelea, chanzo kiko nje. Tulifanya hivyo Jumapili jioni baada ya kuosha mtambo, tukizungusha maji tu. Kalamu ilipanda, ikashuka kidogo, ikanyooka. Ndani ya dakika chache ilikuwa mstari. Basi hakuna mtu wa nje. Lupu ilikuwa inajipiga yenyewe.

Nikaishuku vali, maana vali inayokwama ni mwizi mkubwa wa utulivu: kontrola inasukuma, shina halisogei, halafu linaruka ghafla. Mzee akaweka kidole kwenye shina, mimi nikaongeza amri asilimia moja moja. "Imesogea," akasema. "Imesogea. Imesogea." Vali ilikuwa nzima.

Ndipo tukafanya jaribio la hatua. Joto lilikuwa limetulia kwenye 70, vali asilimia 40. Nikaipeleka 45 mara moja, nikabonyeza saa ya simu. Hakuna kilichotokea. Sekunde 10, hakuna. Sekunde 20, hakuna. Kwenye sekunde ya 24 namba ya mwisho ikabadilika, na baada ya hapo joto likapanda vizuri hadi likakaa karibu na 74. Nyuzi 4 kwa asilimia 5 za vali, kwa hiyo geini ya mtambo ni 0.8. Asilimia 63 ya safari, alama inayotumika kupima muda wa mtambo, ilikamilika sekunde 40 baada ya kuanza kupanda. (Kulikuwa na mkia mrefu mwishoni, kwa sababu maziwa yaliyopikwa hutumika kupasha mabichi yanayoingia. Mkia huo niliuacha, hausumbui kwenye mawimbi ya haraka.)

Sekunde 24 za kimya. Huo huitwa muda mfu, na ndio adui wa kila lupu, kwa sababu kontrola haiwezi kusahihisha isichokiona. Inachopima sasa ni matokeo ya uamuzi wa sekunde 24 zilizopita.

Nilipima mawimbi kwenye karatasi ya Jumamosi. Wimbi moja lilichukua sekunde 97. Nilizigawa kwa nne nikapata 24 na kidogo, na hapo ndipo yale ya chuoni yalipopata uhai kwangu. Lupu huyumba bila kukoma pale masahihisho yanapochelewa kwa nusu wimbi kamili, yaani digrii 180, kwa sababu hapo msaada unafika wakati hali imeshageuka, unasukuma upande usiofaa. Muda wa intigrali wetu ulikuwa sekunde 40, sawa na muda wa mtambo kupanda, kwa hiyo hivyo viwili vinafutana, na kinachobaki ni intigrali tupu inayochelewesha robo wimbi. Robo ya pili inatoka kwenye muda mfu. Ndiyo maana wimbi lilikuwa mara nne ya muda mfu. Karatasi ya kinasa joto ilikuwa imeniandikia jibu tangu Februari, nami nilikuwa bize na namba za kontrola.

Nikahesabu na nguvu ya lupu kwenye wimbi hilo, yaani wimbi linarudi na ukubwa gani likishazunguka lupu mara moja: geini ya mtambo 0.8 mara ya kontrola 3, ugawanye kwa 2.62 (mchango wa intigrali kwenye wimbi hilo), unapata 0.92. Ikifika 1, haitulii kamwe. Kwenye 0.92 inatulia, lakini polepole mno, kila wimbi likiwa dogo kidogo tu kuliko lililotangulia. Na sisi hatukuipa nafasi. Kila vali ya kugeuza ilipogeuka, maziwa ya moto yalirudi kwenye tangi la mwanzo na yale mabichi yakakosa joto lao la kawaida kwenye sahani, hivyo lupu ikapigwa teke upya.

Lakini ni kitu gani kwenye mtambo ule kinachochukua sekunde 24? Sahani hazichukui muda huo. Nilitembea na bomba nikihesabu. Lita 5,000 kwa saa ni lita 1.4 kwa sekunde, na bomba la inchi mbili la mita 14 linabeba lita 25 hivi. Sekunde 18. Nilisimama mwisho wa bomba la kushikilia, nikaona kihisi, na waya wake wa kijivu haukwenda kwenye kinasa joto peke yake. Tawi lake moja lilipanda hadi kwa kontrola yangu.

"Mzee, kontrola inasoma huku?"

"Ndiyo. Walihamisha kwenye ukarabati wa Desemba, mimi nilikuwa likizo nyumbani. Kile cha pale kwenye sahani kilikufa. Lakini ni joto lile lile, Enjinia. Maziwa ni yaleyale."

Maziwa ni yaleyale, kweli. Ila yamechelewa sekunde 18. Kihisi kikiwa kwenye mlango wa sahani, muda mfu ungekuwa kama 6, na kwa namba zile zile za kontrola nguvu ya lupu ingekuwa 0.23, utulivu tele. Aliyeziweka namba hizo miaka ile alijua kazi yake. Walichobadilisha Desemba ni mahali pa kupimia tu, na hiyo ilitosha kuigeuza lupu nzuri kuwa mbaya bila mtu kugusa kontrola.

Usiku ule nilifanya la muda. Kuna kanuni ya Sigurd Skogestad wa Trondheim, aliyoichapisha 2003, ambayo naipenda kwa sababu inauliza mambo matatu tu: geini, muda wa mtambo na muda mfu. Kwa sekunde 24 ilinipa geini ya 1.04. Kanuni ya Ziegler na Nichols ya 1942 tuliyokaririshwa chuoni ni kali mno kwa maziwa. Inakubali mayumbo ambayo sisi hatuwezi kuyabeba karibu na 72. Jumatatu mawimbi yalikuwa yametoweka. Hata hivyo sikuridhika. Lori jipya lilipofunguliwa na maziwa baridi zaidi yakaingia, joto lilishuka nyuzi mbili na kontrola ikalirudisha taratibu kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kontrola iliyotulizwa kwa sababu ya muda mfu inakuwa mvivu, na hakuna namba ya kuiponya. Dawa ni kuuondoa muda mfu wenyewe.

Kile kihisi kilichokufa kilikuwa bado kwenye droo, kimefungwa karatasi iliyoandikwa "mbovu, chini nyuzi 5". Kipya kilikuwa kimeagizwa kutoka nje. Nilimwuliza Mzee walijuaje ni kibovu. Akasema waliokuja kukarabati walikitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma 95.

"Walitoka wapi?"

"Mombasa."

Tuliwasha jiko la gesi kwenye karakana tukatia sufuria. Kihisi chetu ni Pt100, waya wa platinamu unaozidi kuupinga umeme kadiri joto linavyopanda: kwenye barafu inayoyeyuka lazima kitoe omu 100, na kwenye nyuzi 100 omu 138.5. Kwanza tukakitia kwenye barafu iliyopondwa tuliyopewa maabara, tukakoroga: 100.0. Kisha maji yakachemka, mapovu makubwa, mvuke ukigonga dari. Mita ikasimama kwenye 136.5. Hizo ni nyuzi 94 na nusu au zaidi kidogo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo zaidi, nayo yanachemka kabla ya kufika 95. Mombasa, kando ya bahari, yanachemka kwenye 100. Wale mafundi hawakuwa wazembe. Walitumia kipimo walichokizoea maisha yao yote, mahali ambapo kipimo hicho kinabadilika. Mzee aliitazama mita kwa muda, akachukua kile kikaratasi, akakichana.

Tulikirudisha kihisi kwenye mfuko wake penye mlango wa sahani, tukavuta waya, tukaacha kile cha mwisho wa bomba kifanye kazi yake halali ya kulinda vali ya kugeuza na kuandika kwenye kinasa joto. Jaribio la hatua likatoa muda mfu wa sekunde 6, kama nilivyotarajia. Kanuni ingeniruhusu geini ya 4. Nilirudisha 3 ya zamani, na intigrali 40, kwa heshima ya aliyeziweka na kwa sababu usiku mtiririko ukipunguzwa muda mfu unaongezeka tena.

Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya saa kumi na mbili. Lori la kwanza lilifunguliwa, joto likashuka nusu nyuzi, likarudi 75 kabla sijamaliza kuandika saa. Vali ya kugeuza haikulia shifti nzima. Mchana dada wa maabara alikuja mwenyewe na kikombe, akanionjesha, hakusema neno.

Kihisi kilichoagizwa kilifika wiki tano baadaye. Mzee alikipima kwenye sufuria, akaandika 136.5 kwenye boksi kwa kalamu nene, akakifungia kabatini kama akiba.